Darasa la sita: tunavyolidhani na lilivyo

"Mwalimu, jibu si ndilo hili? Mbona umemkata alama?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ameshika daftari la mwanawe, kidole kimekaa juu ya 6 iliyoandikwa vizuri kabisa. Swali lilitaka kujua utepe wa robo tatu ya mita ukikatwa vipande vya thumni ya mita, yaani moja ya nane, vitapatikana vipande vingapi. Chini yake: eleza ulivyopata. Mtoto kaandika 6, akafunga daftari. Ile "eleza" aliipita kama mtu apitavyo kibao cha barabarani, na kwa darasa la sita hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi.

Dhana: Ni darasa la tano tu, ila namba zimekuwa kubwa

Namba haziwi kubwa, zinabadilika tabia. Miaka mitano mtoto amezoea kwamba kuzidisha hukuza na kugawanya hupunguza. Sasa anagawanya robo tatu kwa thumni, anapata 6. "Nimegawanya, mbona imeongezeka?" Mtoto anayeuliza hivyo namsifu mbele ya wenzake, maana wengi wao huinakili tu kanuni: geuza ya pili, zidisha. Tatu ya nne mara nane ni ishirini na nne ya nne, ambayo ni 6. Sawa. Kwa nini unageuza? Kimya.

Chukua karatasi ndefu, ikunje katikati, ikunje tena, na tena. Ikunjue: thumni nane. Tia alama kwenye robo tatu, kisha hesabu mikunjo kuanzia mwanzo. Ni sita. Mita nzima ina thumni 8, kwa hiyo robo tatu ya mita ina robo tatu ya hizo 8. Kanuni haikushuka kutoka mbinguni.

Mitaala hutofautiana nchi na nchi. Kwingine darasa la sita hufunga shule ya msingi, kwingine, kama sehemu nyingi za Marekani, ndilo hufungua shule ya kati. Lakini mambo haya hukutana umri huo karibu kila mahali: uwiano, asilimia, namba hasi, herufi zinazosimama badala ya namba. Uwiano ndio unaowatesa zaidi. Rangi imechanganywa kwa makopo 2 meupe na 3 ya bluu. Ukiongeza makopo 2 kila upande, yakawa 4 kwa 5, nusu ya darasa itaapa kuwa rangi haijabadilika kwa sababu "tumeongeza sawasawa". Imebadilika, imepauka. Ili ibaki ile ile ilitakiwa 4 kwa 6. Kwenye herufi mtego ni mwingine: bei ya kalamu moja ikiwa k, kalamu tatu ni 3k. Muulize mtoto k ni nini, atakujibu "kalamu". Hapana, ni bei yake.

Dhana: Anasoma bila kukwama, kwa hiyo kusoma ameshamaliza

Hii ndiyo naiogopa kuliko zote, kwa kuwa huwapata watoto wazuri. Wasomee sentensi hii: "Alicheka, lakini vidole vilikuwa vimeikaza ile barua mpaka ikakunjamana." Alifurahi? "Ndiyo, mwalimu, alicheka." Wameisoma yote, tena kwa sauti nzuri, na hawakuiona barua.

Mwanafunzi wa darasa la sita anatarajiwa kusema anachokielewa kisha aonyeshe ni maneno yapi yaliyompeleka huko. Kwenye insha ni hivyo hivyo: toa hoja, ilete na ushahidi, mjibu anayekupinga. Muhtasari nao si kunakili sentensi mbili za kwanza za kila aya, ingawa ukisahihisha madaftari arobaini utadhani ndivyo kitabu kilivyoagiza.

Dhana: Sayansi ni kukariri majina

Majina yapo. Kazi yenyewe ni kupima kwa haki. Mtoto anataka kujua kama joto huharakisha sukari kuyeyuka. Glasi ya maji moto anaikoroga, ya maji baridi anaiacha, halafu anaandika kwamba joto limeshinda. Huenda ni joto, huenda ni kijiko. Badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo.

Na hapa watu wazima wasicheke, kwa sababu wengi wetu bado tunaamini kiangazi huja dunia ikilisogelea jua. Dunia huwa karibu zaidi na jua mapema Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na mbali zaidi mapema Julai, kama milioni 152. Januari hiyo hiyo nusu ya kaskazini iko kwenye majira ya baridi. Kinacholeta misimu ni mhimili wa dunia kuinama kwa nyuzi 23.5 hivi.

Dhana: Ameshakua, ajipange mwenyewe

Ana miaka 11 au 12. Atapewa kazi ya wiki mbili, naye ataianza usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya. Kujipanga hufundishwa kama hesabu: kaa naye, ivunjeni kazi vipande vipande, kila kipande kipewe siku yake. Kumfanyia ni jambo jingine. Mwandiko wa baba tunaujua. Usingizi nao msiukate, umri huu unataka saa 9 hadi 12 kwa usiku.

Dhana: Alama zikishuka, ni uvivu

Mara nyingine, ndiyo. Mara nyingi ni deni la nyuma. Nikikuta nusu jumlisha theluthi imeandikwa mbili ya tano, najua tatizo limeanza zamani: mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, na hajashtuka. Kumwongezea maswali ishirini ya darasa la sita hakutamsaidia. Mrudishe kwenye sehemu zilizo sawa, kama nusu na mbili ya nne, hata kama aliyapitia mambo hayo miaka miwili iliyopita.

Yule mwenye utepe nilimwita, nikampa karatasi mbele ya mama yake. Akakunja mara tatu, akahesabu kwa kidole, akaeleza neno kwa neno bila kubabaika. "Kumbe anajua!" mama akasema. Anajua, nikamjibu, ila kwenye daftari hakuandika. Alama sikuirudisha.