Mbona tundu la sensa kwenye bampa la kiwandani halina ndevu?

Siku ukikuta bampa limevuliwa pale gereji na sensa za kupaki zimetolewa, pitisha kucha kwenye ukingo wa tundu. Kama lilitobolewa kiwandani kucha inateleza tu, kama ni la mtaani inakwama kwenye vinyuzinyuzi vya plastiki, ndizo ndevu zenyewe.

Kiwandani wengi wanatumia panchi, yaani chuma kinashuka na kukata mara moja, na chini yake kuna dai, chuma kingine chenye tundu la kupokea. Utasema si wangelimwaga bampa na matundu yake kabisa kwenye moldi, yaani umbo la chuma la kumwagia plastiki? Shida bampa hilohilo linaenda kwa gari lenye sensa na lisilo nayo, na moldi ni bei mbaya, halafu plastiki ya moto ikikuta kizuizi cha kuacha tundu inagawanyika, ikikutana tena upande wa pili inaacha mstari, na kwenye huo mstari inakuwa dhaifu.

Sasa ngoma iko hapa. Bati la chuma ukilipiga panchi halikatwi mpaka mwisho, makali yakizama kidogo nyufa zinaanza juu na chini, zinakutana, kipande kinadondoka. Ndo maana kwenye chuma wanaacha upenyo kati ya panchi na dai, mara nyingi kama asilimia 5 mpaka 10 ya unene wa bati kila upande. Ila bampa nyingi ni plastiki ya polipropilini iliyochanganywa na mpira, hiyo haipasuki kirahisi, inavutika. Ukiipa upenyo wa chuma inafanya kama kitenge kwenye mkasi uliolegea, kinajikunja katikati ya visu badala ya kukatika, na hapo ndo ndevu zinatokea.

Kwa hiyo wanabana upenyo mpaka sehemu chache tu za mia za milimita, panchi inanolewa kama wembe, na wengine wanaukata uso wake mshazari ili uanze kula upande mmoja kama mkasi. Wanapiga kutokea upande wenye rangi, rangi isibanduke. Halafu plastiki inajirudi: panchi ikitoka tundu linasinyaa kidogo na kuing'ang'ania, so lazima kuwe na kibanio cha kushikilia bampa lisiinuke nayo, na panchi yenyewe inachongwa kubwa kidogo kuliko tundu linalotakiwa.

Akriliki, ile plastiki ngumu ya mabango, ni kinyume kabisa, ile inapasuka kama kioo, dawa yake ni kuipasha moto kwanza. Ila hapo hesabu inabadilika, maana akriliki inatanuka karibu mara 6 ya chuma, ikipoa matundu yanasogeleana.

Fundi wa mtaani mwenye drili, weka kibao nyuma ya bampa na uzungushe taratibu, ukikimbiza inayeyuka. Ndevu zikibaki, wembe.