Uwanja wa Pesa za Umma: Mambo ya Kudai Kabla ya Jiwe la Kwanza

Hapa Lubumbashi, klabu ya soka ya TP Mazembe ilifungua uwanja wake yenyewe Kamalondo mwaka 2011. Ule wa Frédéric Kibassa Maliba, katika komini ya Kenya ya mji huu huu, ni wa umma. Uwanja wa umma hulipiwa na mkaaji, hata yule asiyekanyaga pale, kwa sababu franga zikienda kwenye majukwaa, haziendi kwenye mitaro wala mabomba ya maji. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza.

Huwa tunaambiwa uwanja utaleta utajiri. Wachumi wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, hasa Marekani, na wengi wamekuta faida ni ndogo kuliko gharama. Baba aliyenunua tiketi Jumapili amepunguza matumizi mengine: pesa zimehama mtaa, hazikuongezeka. Halafu siku nyingi za mwezi geti limefungwa.

Detroit inatufundisha mengi. Mji huo ulitangaza kufilisika mwaka 2013, lakini uwanja wa ndani wa Little Caesars Arena, uliofunguliwa 2017, ulipata takriban dola milioni 324 za kodi. Nyumba na maduka yaliyoahidiwa kuuzunguka hayakuja kwa wakati; sehemu kubwa ikabaki maegesho ya magari. Sharti moja tu lilikuwa na meno: asilimia 51 ya saa za kazi ya ujenzi zifanywe na wakaaji wa Detroit. Makampuni yaliyoshindwa yalitozwa faini.

Los Angeles, mwaka 2001, vyama vya mitaa jirani na uwanja wa ndani wa Staples Center vilitangulia. Kabla mradi wa upanuzi haujaidhinishwa, vilisaini mkataba na mwekezaji mwenyewe: ajira kwa wenyeji, mishahara inayotosha kuishi, nyumba za bei nafuu, pesa za bustani. Nguvu yao ilikuwa kwamba idhini ilikuwa bado haijatoka. Mwekezaji akishapewa kiwanja na vibali, hana tena haja ya kukusikiliza.

Sisi Lubumbashi si wageni wa njia hii. Sheria ya madini ya 2018 inadai kampuni isaini hati ya majukumu na jamii inayoathirika, na itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Tena asilimia 15 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni kwa kuchimba, ni ya mamlaka za chini, komini zikiwemo. Kinachowezekana kwenye mgodi kinawezekana kwenye uwanja, na ninaamini kinapaswa kuwa lazima.

Basi mradi ukitangazwa, nendeni kwa bugumesti, mkuu wa komini, mkaulize hati ya majukumu iko wapi na nani atasaini kwa niaba ya mtaa. Iandike vijana wangapi watafundishwa uashi, mama wauzaji watapata meza wapi siku ya mechi, shule zitachezea pale siku gani. Iandike pia nani atalipia matengenezo mwaka wa kumi, kwa maana viwanja vingi vya umma huanza kuoza hapo, na adhabu ni ipi ahadi isipotimizwa.