"Wherefore" siyo "wapi": maneno ya Kiingereza cha zamani yanayochengesha watu

Watu wakikutana na Kiingereza cha Shakespeare au cha Biblia ya King James ya 1611 wanaogopa yale maneno mageni, fardels, bodkin na wenzake. Hayo wala hayana shida, neno usilolijua utalitafuta kwenye kamusi yakaisha. Linalokuangusha ni lile unaloliona kila siku ukadhani mnafahamiana, kumbe miaka 400 iliyopita lilikuwa na kazi nyingine kabisa.

Dhana inayoongoza kwa kuenea ni ya Juliet, yule binti kwenye tamthilia ya Shakespeare ya Romeo and Juliet. Yuko juu dirishani anasema "O Romeo, Romeo, wherefore art thou Romeo?" na watu wakiigiza wanaweka kiganja juu ya macho wanaangaza huku na huku, eti anamtafuta jamaa, Romeo uko wapi. Hapana bana, wherefore ni "kwa nini". Angalia anachosema mstari unaofuata, anataka Romeo amkane baba yake na alikatae jina lake, maana shida siyo kijana yuko wapi, shida ni kwamba ni wa ukoo wa Montague, maadui wa kwao, sasa kwa nini awe Romeo na asiwe mwingine? Tena hata hajui kwamba mwenyewe yuko pale chini anamsikia. Kama bado unabisha nenda kwenye Julius Caesar, ile tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, mwanzoni kabisa Marullus anawafokea mafundi waliotoka kumshangilia Kaisari: "Wherefore rejoice?", yaani mnashangilia nini. Weka "wapi" hapo uone kama kuna sentensi.

Halafu kuna hii ya "thou", wengi wanaamini ni neno la heshima kubwa kwa sababu wanalikuta kwenye sala. Ni kinyume chake. Kwenye King James thou ni "wewe" na ye ni "ninyi", basi, ndo maana Mungu anaitwa thou na nyoka wa Edeni naye anaitwa thou, sasa heshima iko wapi hapo? Mitaani enzi za Shakespeare thou ilikuwa ya mtoto, mtumishi au rafiki mliyezoeana, mkubwa wako unamwambia you (wenzetu wa Kongo waliosoma Kifaransa watashika haraka, ni mambo ya tu na vous). Ukimpa thou mtu ambaye hamjazoeana umemtukana. Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh akiwa kizimbani kwa uhaini, mwanasheria mkuu Edward Coke alimvaa hivi: "I thou thee, thou traitor", yaani nakuita thou, we msaliti. Thou kaigeuza kitenzi kabisa ili amdhalilishe mbele za watu.

Kwenye Biblia sisi tuna bahati ambayo Waingereza wenyewe hawana, ukikwama fungua ya Kiswahili. "Suffer little children" siyo watoto wateseke, ni "waacheni watoto wadogo". "The quick and the dead" siyo wenye mbio na wafu, ni "walio hai na waliokufa". Ila kali kuliko zote ni 1 Wathesalonike 4:15, King James inasema tulio hai hatuta-"prevent" waliolala, na msomaji wa leo anaelewa kwamba hatutawazuia, wakati Kiswahili kinasema wazi "hatutawatangulia". Prevent kwa asili yake ya Kilatini ni kutangulia, hiyo ya kuzuia imekuja kuchukua nafasi yote baadaye.

Na "let"? Leo ni kuruhusu, sawa, lakini kwenye tamthilia ya Shakespeare ya Hamlet, Hamlet mwenyewe akitaka kuufuata mzuka wa baba yake na wenzake wamemshika anapiga kelele "I'll make a ghost of him that lets me". Ukisoma kwa Kiingereza cha leo unapata kichekesho, jamaa anaapa kumuua atakayemruhusu! Kulikuwa na let mbili, moja kuruhusu na nyingine kuzuia, zikaja kufanana matamshi na ile ya kuzuia ikapotea kwenye maongezi. Ila haijafa kabisa, chukua pasipoti ya Uingereza soma yale maandishi ya ndani, wanaomba mwenye pasipoti apite "without let or hindrance", yaani asizuiwe.