Kivuli Kilichopakwa kwa Brashi

Wanafunzi wangu wanapoitazama kwa mara ya kwanza Das Cabinet des Dr. Caligari, filamu iliyoongozwa na Robert Wiene na kuonyeshwa Berlin mnamo Februari 1920, macho yao hukimbilia kuta zilizopinda na paa zilizochongoka. Mimi huwaomba waitazame sakafu ya gereza. Michirizi myeusi na myeupe inashuka ukutani, inatambaa sakafuni, na yote inaelekea pale mfungwa alipoketi na minyororo yake. Hakuna taa iliyotupa vivuli hivyo. Vimepakwa rangi kwa brashi.

Hapo ndipo ninapoanzia kueleza ekspreshonizimu, mtindo wa sanaa unaoonyesha hisia za ndani badala ya sura halisi ya vitu. Katika picha ya kawaida, kivuli hutuambia mwanga unatoka upande gani, ilhali katika gereza lile kinatuambia jinsi mtu anavyobanwa, na ndiyo maana hakihitaji kutii jua wala taa. Fikra hiyo ilitoka kwa wachoraji, wakiwamo wale wa kundi la Die Brücke lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, nayo ikaingia studio kupitia wasanifu watatu wa mandhari, Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig, waliojenga mji mzima kwa mbao na turubai.

Husimuliwa mara nyingi kwamba walipaka vivuli kwa sababu umeme ulikuwa haba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sikubali kwamba maelezo hayo yanatosha, kwa kuwa uhaba wa umeme unaweza kukulazimisha uchore kivuli, lakini haukulazimishi upinde dirisha. Tena, mtazameni mwigizaji Conrad Veidt katika nafasi ya Cesare, mtu anayetembea usingizini, amevaa nguo nyeusi zinazobana mwili, akinyemelea kandokando ya ukuta huku mkono wake mmoja ukiwa juu: anasogea kana kwamba yeye mwenyewe ni mstari uliochorwa na mkono uleule uliochora ukuta. Mwigizaji na mandhari vimekuwa kitu kimoja, na jambo hilo halitokei kwa bahati.

Miaka miwili baadaye, mwongozaji F. W. Murnau aliitoa kamera nje ya studio. Filamu yake ya mnyonya damu, Nosferatu ya mwaka 1922, ilipigwa Wismar, Lübeck na katika milima ya Slovakia, mahali penye nyumba za kweli na upepo wa kweli, na kwa hiyo wako wataalamu wanaokataa kuiita filamu ya ekspreshonizimu. Mimi ningeiweka ukingoni, kwa sababu ya ngazi ile moja. Kivuli cha mnyonya damu kinapanda peke yake, vidole vinarefuka kuelekea mlangoni, kisha kivuli cha mkono kinaukamata moyo wa Ellen, mhusika mkuu wa kike, naye anajikunja kwa maumivu. Safari hii taa ndiyo iliyokichora kivuli, lakini kazi yake ni ileile ya brashi.

Anayetaka kuitazama atafute nakala iliyorejeshewa rangi zake. Matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji atambue kuwa ni usiku. Katika nakala za rangi nyeusi na nyeupe tupu, kiumbe anayeangamizwa na jua anaonekana akitembea na jeneza lake mchana kweupe, na hofu yote iliyojengwa kwa mwanga inapotea.