Dunwich Haikuzama Usiku Mmoja, na Kengele Zake Hazilii

Kila inapotajwa Dunwich, kile kijiji cha pwani ya Suffolk mashariki mwa Uingereza, hakosi mtu wa kuleta maneno yaleyale: palikuwa na jiji kubwa, bahari ikalimeza usiku mmoja, na mpaka leo ukisimama ufukweni wakati wa bamvua utasikia kengele za makanisa zikilia chini ya maji. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Leo naliandika lote, ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo hadithi inapovunjika. Dhoruba ya usiku wa kuamkia 1 Januari 1286 ilikuwepo kweli, na ile ya Desemba 1287 pia. Ziliumiza sana. Lakini fungua Kitabu cha Domesday, daftari la mfalme la ardhi na kodi la mwaka 1086, miaka 200 kabla ya usiku huo. Kimeandika kwamba zamani mji ulikuwa na karukati mbili za ardhi, sasa imebaki moja, na ile nyingine imechukuliwa na bahari. Karukati ni ardhi ambayo jembe la ng'ombe wanane linaweza kuilima kwa mwaka. Si kibustani cha nyuma ya nyumba. Kitabu hichohicho kinasema mji ulimpa mfalme samaki aina ya heringi 68,000. Yaani Dunwich ilikuwa inaliwa na huku inatajirika, na watu wake walijua.

Sasa nenda upande wa pili. Kanisa la All Saints, la mwisho kati ya makanisa ya zamani ya parokia, lilianza kuporomoka ukingoni mwaka 1904, na kipande cha mwisho cha mnara wake kilianguka mwaka 1919. Kanisa moja, miaka 15. Anayesema usiku mmoja anieleze hilo.

Ukingo wa pale ni mchanga na changarawe, ukuta wa zaidi ya mita 10 usio na mwamba wa kuushikilia. Wimbi haliupigi likauvunja kama watu wanavyodhani. Kazi yake ni kuzoa rundo la mchanga lililoegemea chini ya ukuta. Rundo likiondoka, ukuta unabaki wima kuliko mchanga unavyoweza kuvumilia, na juu kunamomonyoka taratibu, hata siku ambayo bahari imetulia. Balaa kubwa huja pale upepo wa kaskazini unaposukuma maji ya Bahari ya Kaskazini kuelekea kusini, ambako bahari inakuwa nyembamba na kina kinapungua, na hayo yakaangukia bamvua. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa 31 Januari 1953, walipokufa watu 307 Uingereza. Katika karne ya 20 mmomonyoko wa Dunwich ulipungua, na sababu mojawapo ni fungu la mchanga lililoko nje baharini, linalovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wanatazama nyumba zilizoanguka na kusahau bandari. Dunwich iliuawa na kokoto kabla ya kumalizwa na mawimbi. Mto wake uliingia baharini nyuma ya ulimi wa kokoto ulioota kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa sababu mkondo wa pwani hiyo husukuma kokoto upande huo. Ulimi huo ndio ulioikinga bandari, na ndio uliokuja kuiziba. Dhoruba za miaka ya 1280 zilisogeza kokoto hadi mlangoni. Wenyeji walihangaika, lakini mwaka 1328 mlango ulizibwa moja kwa moja na mto ukajipasulia njia kaskazini, karibu na kijiji jirani cha Walberswick. Meli zikafuata mlango mpya. Dunwich ikabaki inadai ushuru wa meli zinazotia nanga kwa jirani, na ugomvi huo ukarithiwa vizazi kwa vizazi. Mji usio na meli hauna fedha za kulinda ufuko. Wenye mali walihama; waliobaki wakawa wanarudi nyuma, nyumba moja baada ya nyingine. Haki ya kupeleka wabunge wawili London waliendelea nayo hadi mwaka 1832, wakati mji wenyewe ulikuwa umekwisha.

Na sasa kengele. Kengele ya kanisa ni shaba nzito iliyochanganywa na bati, mali ya thamani. Watu waliokuwa wanapima kila mwaka umbali kati ya ukuta wa kanisa na ukingo hawakuiacha ianguke. Kanisa la St Peter lilivuliwa mapema, mwishoni mwa karne ya 17: madini ya risasi ya paa, mbao na kengele viliondolewa kabla ya kuta kuangamia. Na hata kama ingebaki moja, kengele hulia ikining'inia na ulimi wake ukiipiga kwa kasi. Iliyolala kifudifudi mchangani haina sauti.

Kilichopo chini ni mawe. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Southampton ulioanza mwaka 2008 ulichukua ramani ya mpima ardhi Ralph Agas ya 1587, ukailinganisha na alama ambazo bado zipo nchi kavu, kama kuta za Greyfriars, nyumba ya watawa Wafransisko, kisha ukapitisha sonari, chombo kinachochora sakafu ya bahari kwa mwangwi wa sauti. Kupiga mbizi peke yake hakutoshi, kwani maji ni tope na mkono wako mwenyewe huuoni. Suffolk haina mawe magumu ya asili ya kujengea, kwa hiyo bonge la gumegume lenye chokaa, au jiwe lililochongwa, limeletwa na mtu. Magofu yaliyotambulika ni ya majengo yaliyoanguka baadaye. Sehemu kongwe, mbali zaidi mashariki, imefukiwa. Wataalamu hawajakubaliana hata kama Dunwich ndiyo Dommoc, makao ya askofu Felix anayetajwa na Bede, mtawa mwanahistoria wa kale wa Uingereza. Wengine wanapaweka Walton, karibu na Felixstowe. Kibao chochote kinachosema bila kusita kwamba ndiyo, kimekwenda mbali kuliko ushahidi.

Neno moja kwa wanaokusanya kumbukumbu za wazee na postikadi za mnara wa All Saints. Muhuri wa posta unaonyesha siku kadi ilipotumwa, si siku picha ilipopigwa. Kadi ya mnara mzima iliendelea kuuzwa mnara ukiwa nusu. Hesabu madirisha na nguzo zilizobaki, kisha ndipo uzipange. Na mzee akikwambia alikuwa akiona mifupa ya binadamu ikichungulia ukingoni, mwamini: makaburi ya kanisa hilo yalifuata njia ileile.

Ukifika, pita kwanza uwanja wa kanisa la St James. Kando ya mabaki ya kanisa la hospitali ya wakoma imesimama nguzo ya ukuta ya gumegume. Ni ya All Saints; waliibomoa kutoka ukingoni miaka ya 1920 na kuijenga upya hapo. Iguse, chokaa yake bado inashika.