Kwaresima: Ukishaacha Kitu, Nafasi Yake Inakwenda Wapi?

Kila Jumatano ya Majivu inapokaribia, siku inayofungua Kwaresima, yaani mfungo wa siku 40 kabla ya Pasaka, swali linalotangulia huwa ni "Mwaka huu niache nini?" Si swali baya, ila ni nusu tu. Injili ya siku hiyo, Mathayo 6, inataja mambo matatu kwa pamoja: sadaka, sala na kufunga. Kufunga hufungua nafasi katika muda wako na mfukoni mwako, na sala na sadaka ndizo zinazopaswa kuingia humo. Nafasi isiyopangiwa kitu haikai tupu. Aliyeacha soga za simu hujikuta mbele ya televisheni, na moyo umebaki palepale.

Kwa hiyo chukua karatasi kabla ya kupakwa majivu. Andika jambo moja, si matano, unalolifanya kila siku na ambalo kuliacha kutakuuma kidogo. Kando yake andika linakula dakika ngapi na fedha kiasi gani, kisha vinakwenda wapi. Tuseme ni dakika 30 za simu usiku: 20 ziwe za Neno la Mungu, 10 za kumjulia hali mgonjwa au mpweke. Fedha iweke kwenye bahasha siku ileile, ukiwa umeshaamua ni ya nani. Ukingoja mwisho wa mfungo, itakuwa imeshatumika.

Hizo dakika 20 ndizo moyo wa mpango wote. Chukua Injili ya siku, yaani somo lililopangwa kusomwa kwenye Misa ya siku hiyo, usifungue Biblia popote tu. Isome kwa sauti, polepole. Isome tena, na safari hii simama kwenye neno linalokugusa, hata kama hujui kwa nini limekugusa. Lirudierudie kimoyomoyo dakika tano hivi. Kisha mjibu Mungu kwa maneno yako mwenyewe, halafu nyamaza. Wengi hukwama hapa kwenye kunyamaza: mawazo yanatangatanga, wanadhani wameshindwa kusali, wanafunga kitabu. Mawazo kutangatanga ni kawaida. Rudi kwenye lile neno, hata mara ishirini. Huko kurudi nako ni sala.

Kuhusu chakula, sheria ya Kanisa Katoliki ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na vyakula vidogo viwili ambavyo pamoja havifikii mlo mzima. Kuacha nyama katika siku hizo na Ijumaa za Kwaresima huanzia miaka 14. Mgonjwa na mama mjamzito wasijilazimishe kufunga. Wachague sadaka au huduma.

Hesabu pia siku vizuri. Tangu Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Dominika (Jumapili) 6, zinabaki 40. Dominika ni sikukuu ya Ufufuko, si siku ya kufunga.

Matatizo huanza mara nyingi wiki ya tatu, ari ya mwanzo ikishapoa. Mtu anavunja nadhiri siku moja, anasema "basi, imeshaharibika", anaacha yote. Naona hili ndilo kosa linalowanyima watu Pasaka yenye furaha kuliko kosa lingine lolote. Ukianguka Jumanne, endelea Jumatano, bila kujifidia kwa kufunga maradufu. Dalili nyingine ni hasira: ukiona mfungo unakufanya mkali kwa watu wa nyumbani, upunguze, kisha usome Isaya 58, ambako Mungu anawakataa wanaofunga huku wakigombana na kuwaonea wafanyakazi wao.

Kila usiku tafiti dhamiri kwa dakika kumi: shukuru, omba mwanga, pitia saa za siku moja moja, omba msamaha, amua jambo moja la kesho. Anza na shukrani, maana anayeanza na dhambi huishia kujilaumu tu. Yanayojirudia usiku hadi usiku ndiyo ya kupeleka kwenye kitubio, yaani kuungama kwa padre. Nenda wiki ya nne au ya tano, usingoje Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka: foleni huwa ndefu, padre amechoka, na ushauri unaouhitaji unabanwa kwenye dakika mbili. Zaburi 51 ni maandalizi mazuri ukiwa unasubiri zamu yako.