Misheni ya kijijini: yanayosemwa mjini na yanayokukuta Muheza

Likizo ya vyuo ikikaribia, vikundi vya vijana wa makanisa ya Dar es Salaam na Tanga mjini huanza kuchangishana nauli kwenda misheni. Wengi hushukia Muheza, wakapanda bodaboda hadi vijiji vilivyo chini ya milima ya Usambara Mashariki. Njiani wanasimuliana kuhusu kijiji wasichokijua, na mengi ya wanayosimuliana hayapo.

"Tunakwenda mahali injili haijafika." Hili ndilo linalowaudhi wenyeji kuliko yote, ingawa kwa adabu zao hawatakwambia. Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, mwaka 1848. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA waliingia Magila, jirani na Muheza mjini, mwishoni mwa miaka ya 1860, na kituo kikashika mizizi baada ya Padre Farler kufika mwaka 1875. Walutheri walianza Mlalo mwaka 1891. Kule Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868. Kwa hiyo bibi unayemkuta barazani akipukuchua mahindi huenda babu yake alibatizwa kabla kanisa lenu la mjini halijawekewa jiwe la msingi.

Kuna vijana hushtuka Jumapili wakiona ubani, kengele na padre aliyevaa kasula, wakaanza kunong'onezana kwamba wamepotea njia, wameingia kwa Wakatoliki. Hawajapotea. UMCA walikuwa Waanglikana wa misa na ubani tangu mwanzo, na huku Tanga desturi hiyo ipo hadi leo. Nanyi mnaobeba kinanda na ngoma, ulizeni kwanza ibada inaendaje.

Basi kikundi kinakwenda kufanya nini? Muulizeni katekista. Yeye ndiye anayejua mgonjwa yuko nyumba gani, nani amefiwa, na nani ameacha kuja kanisani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Ratiba iliyochapwa mjini kabla ya kuzungumza naye haifiki siku ya pili.

"Siku nzima ni kuhubiri." Mahubiri huchukua saa mbili hivi, nayo huwa jioni. Alfajiri unaamshwa na adhana, na jua likichomoza wenyeji wako njiani na majembe begani. Ukienda nyumba kwa nyumba saa tatu asubuhi utawakuta wazee, watoto wadogo na kuku. Msimu wa machungwa ukikolea hata vijana huwaoni: wako mashambani wanachuma, wanahesabu na kupakia malori. Ndiyo maana mkutano uliotangazwa saa nane huanza saa kumi, na anayelalamika kwamba watu hawajali muda hajawahi kupalilia mihogo.

Saa zinazobaki ni za kazi za nyumbani. Kuna foleni ya ndoo kisimani, na foleni ina utaratibu wake: mama aliyetanguliza ndoo yake na kurudi kumnyonyesha mtoto bado yuko mbele yako. Kuna kuni za kupasua, na sufuria lenye masizi linalosuguliwa kwa majivu mpaka ling'ae. Mwoga wa kazi hizi hujificha nyuma ya maombi, na mwenyeji anamwona. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na vijijini huku jembe wanakupa kweli. Lipokee. Mnapopalilia tuta kwa tuta, mtu atakueleza mambo ambayo asingeyasema mbele ya kipaza sauti.

"Waislamu watatupinga." Mkoa wa Tanga una Waislamu wengi, na familia nyingi zimechanganyika: shangazi anaswali, mjomba anaimba kwaya, na wote wanazikana. Tazama anavyochinjwa mbuzi wa karamu ya kuagana. Katekista anamwita jirani Muislamu aje kuchinja, ili kila atakayekaribishwa ale bila wasiwasi. Sufuria kubwa la pilau nalo mara nyingi linaazimwa kwa akina mama wanaopika maulidi. Kikundi kinachojichinjia chenyewe kwa haraka hujikuta kinakula peke yake, kisha kinashangaa mbona majirani wamesema wameshiba. Uhasama unaletwa na mhubiri anayekashifu dini ya mwenzake kwa spika, au anayeendelea kupiga muziki wakati wa adhana. Zimeni, subirini, endeleeni.

"Barua ya mchungaji inatosha." Haitoshi. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wanapaswa kujua mko wangapi na mnalala wapi, na mkutano wa hadhara unahitaji polisi wajulishwe mapema. Kama mna wageni kutoka nje, viza ya matembezi haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi, hata ya kujitolea; ulizeni Uhamiaji kabla hawajakata tiketi. Daktari wa kigeni hagusi mgonjwa bila kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa haziingii nchini kwenye begi la nguo, zinahitaji kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wilaya ina Hospitali Teule, tena yenye asili ya kanisa. Anayetaka kutibu aanzie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

"Tuwapelekee nguo na pipi." Mitumba imejaa kwenye gulio. Nunueni unga, mafuta na sabuni kwenye duka la kijiji badala ya kuvibeba kutoka Kariakoo, na kama mnakarabati kanisa, mlipeni fundi wa hapohapo. Nimeona ukuta uliojengwa na vijana wenye moyo safi. Fundi aliubomoa kimyakimya walipoondoka.

"Chakula cha kijijini kitatuharibu tumbo." Bada la moto lililotoka jikoni sasa hivi halina neno. Hatari iko kwenye maji yasiyochemshwa na mikono isiyonawa. Bada ni ugali wa mihogo, rangi yake ya kijivu huwatisha watu wa sembe, na ukikuta limeandaliwa na mchunga, jua kwamba mboga hiyo ni chungu na inapendwa hivyohivyo. Chota kidogo, ongeza ukizoea.

"Tunapanda Amani, kule baridi, hakuna malaria." Malaria hupungua kadiri unavyopanda, ila Amani iko kwenye mita 900 hivi tu, na mbu wanafika. Tena vikundi vingi hulala kwanza bondeni Muheza. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo chandarua kinakwenda na kila mmoja, hata anayelala kwenye sakafu ya darasa. Dalili haziji kesho yake: huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi mtu akiwa amesharudi kazini. Ukipata homa wiki mbili baada ya kurudi Dar es Salaam, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda ukapime siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu ulilala wapi.